Mlima Nyuma ya Bega

Niliwahi kuuhamisha Mlima Hanang. Kazi yenyewe haikufika dakika tano: kipanya mkononi, chai ya rangi pembeni, na umeme, kwa bahati, haujakatika. Mwimbaji alikuwa amepigwa picha uwanjani Katesh, mlima ukiwa kushoto kwake, nusu yake imeliwa na ukingo wa picha. Mimi kushoto nilikuwa nimeshapapangia maandishi ya jalada la jarida. Basi nikaukata mlima, nikaupa leya yake, yaani tabaka lake peke yake, nikaugeuza ili mteremko ufuate mstari wa bega, nikauweka kulia. Na kwa kuwa mkono ulishazoea utundu, nikauongeza kimo kidogo, kana kwamba mita 3,420 hazikuutosha.

Jarida lilikuwa la muziki, kurasa 16, la wanakwaya na wasanii wachanga wa Hanang na Mbulu. Vijana walilisifia. Kisha mzee mmoja wa Jorodom aliyekuja dukani kutoa kopi ya kitambulisho akaliokota juu ya kaunta, akalisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu waliosahau miwani nyumbani.

"Kijana wangu, huyu binti alisimama wapi?"

"Uwanjani, mzee. Hapahapa Katesh."

Akanitazama mimi, akalitazama jarida. "Hapana. Mlima ukiwa hivi, wewe uko upande wa ziwani. Alikwenda kufanya nini Balangida na viatu hivi?"

Akalipa kopi yake, akaondoka. Nilibaki na nakala 500 za mlima uliogeuzwa.

Baadaye nilikuja kujua kuwa nina wenzangu, tena wakubwa. Toleo la Februari 1982 la National Geographic lilikuwa na picha ya piramidi za Giza, ngamia wakipita mbele. Picha ililala, jalada linasimama. Wahariri wakazisogeza piramidi mbili zikaribiane ili zitoshe. Kelele zilizofuata hazijaisha mpaka leo. Kila anayefundisha maadili ya picha huanzia hapo. Wao walisogeza makaburi ya mafarao na ulimwengu ukajua. Mimi nilisogeza mlima na mtu mmoja tu akajua, lakini alikuwa mtu anayeamka nao kila siku, na aibu yangu haikupungua kwa hesabu hiyo.

Nimeanza na kosa kwa sababu hii kazi naipenda, na mtu akianza kusifu anachokipenda husahau kusema ukweli. Kutengeneza jalada la jarida la muziki ni kazi ya fundi. Wengi hudhani ni kubonyeza tu, kompyuta ifanye. Wanakuja: "Bro, nifanyie kava fasta, ing'ae." Kung'ara ndiyo sehemu rahisi.

Majalada niliyajua kabla ya kuijua kompyuta. Jarida la Sani lilikuwa linatufikia likiwa limeshasomwa na watu ishirini, na jalada ndilo lililotangulia kuchakaa. Sekondari tulipata Fema, lililokuwa linasambazwa bure mashuleni, karatasi yake inateleza, na watu wa jaladani ni vijana kama sisi, wanacheka kama wametoka mapumziko. Mwanzoni mwa muhula, daftari zilipotakiwa kuvalishwa, ndipo ulipojua jalada lipi lina thamani. Lile baya lilivalishwa daftari la somo lisilopendwa. Lile zuri liligombaniwa. Hadi leo, nikimaliza kazi, najiuliza: mwanafunzi angelivalisha daftari gani?

Programu ninayotumia ni Photoshop, na nimewahi kutumia GIMP kompyuta ilipokuwa haina nguvu ya kubeba kitu kingine. Vijana wengi wa hapa wanamaliza kila kitu kwenye simu kwa PixelLab au Canva, na baadhi yao wananizidi. Sina ugomvi na chombo. Ila inanifurahisha kukumbuka Photoshop ilitokea wapi. Thomas Knoll aliianza mwaka 1987 akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Michigan, nduguye John akaongeza nguvu, na Adobe ikaitoa kwa umma Februari 1990. Baba yao alikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha chini ya nyumba. Ndiyo maana ndani ya programu kuna mkono uliokunjwa wa kuunguza picha iwe nyeusi na kijiti chenye kibonge cha kuzuia mwanga. Ni vitendo vya mtu aliyesimama gizani akikinga mwanga kwa kiganja. Leya, ambazo leo huwezi kufikiria kazi bila hizo, zilikuja mwaka 1994 na toleo la tatu.

Na hata bila programu hiyo Waafrika Mashariki hawakusubiri mashine iwaruhusu kusafiri bila nauli. Miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walikuwa na vibanda vyenye mapazia ya mandhari ya kuchora na kubandika: meli kubwa, ndege, majumba. Abiria anasimama mbele, anapigwa, anatuma kijijini. Tofauti ni kwamba pale kila mtu aliliona pazia. Ulipendeza nalo, hukumdanganya mtu. Mlima wangu haukuwa na mikunjo ya pazia.

Sasa niwaonyeshe kazi kwa karibu, kwa sababu sifa za jumla hazimlishi fundi.

Picha huja kwa WhatsApp. Hapo ndipo kilio huanza. Jalada la A4, ukijumlisha milimita 3 kila upande za kukatia, linahitaji picha ya pikseli kama 2,551 kwa 3,579 ili mtambo upate nukta 300 kwa kila inchi. WhatsApp, kwa kawaida yake, inaibana picha hadi pikseli 1,600 kwenye upande mrefu. Ukiivuta ijae jalada unabaki na nukta 134 hivi. Kwenye skrini ya simu anapendeza, kwenye karatasi anakuwa kama ameonekana kupitia chandarua. Wimbo wangu wa kila siku ni: "Nitumie kama dokumenti, usitume kama picha." Nimeubandika ukutani.

Ikipatikana picha nzima, namkata msanii kutoka kwenye mandhari yake. Mabega na mikono nayazunguka kwa kalamu, nukta moja baada ya nyingine, nukta chache kadiri inavyowezekana. Wanagenzi huweka nukta mia na bega linatoka na meno kama msumeno. Lakini kuna vitu kalamu haiviwezi. Nilimkata mama mmoja wa Kibarabaig, mwimbaji, aliyevaa sketi ya ngozi ya asili, ile yenye nyuzi nyembamba za ngozi zinazoning'inia kwa mamia na kuyumba akitembea. Alikuwa amepigwa picha akigeuka. Nyuzi zilikuwa angani.

Hapo kinachosaidia ni chaneli. Picha ya rangi ni picha tatu za kijivu zilizolaliana: nyekundu, kijani, bluu. Anga la Hanang mchana kwenye chaneli ya bluu ni jeupe karibu na karatasi, na ngozi ya kahawia ni nyeusi karibu na mkaa. Nikaikopi chaneli ile, nikasukuma weusi uzidi na weupe uzidi, nikaigeuza, ikawa maski: penye nyeupe panaonekana, penye nyeusi panafichika. Kila uzi ukatoka na hewa yake. Zilizobaki, zile zilizopita mbele ya nyasi kavu zenye rangi ileile ya ngozi, nilizichora kwa brashi ya pikseli mbili, mmoja mmoja, toka saa mbili usiku mpaka saa sita. Hakuna msomaji aliyewahi kuniambia kitu kuhusu nyuzi zile. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini mama mwenyewe alipoliona jalada alipitisha kidole kwenye sketi kutoka juu hadi chini, akasema jambo kwa lugha yake. Binti yake akanitafsiria: anasema hujaikata.

Nisingeweza kuikata. Sketi ile aliitengeneza mtu kwa kisu na uvumilivu, na mimi na programu yangu tulikuwa wanafunzi mbele yake.

Kwenye uso ndipo ninapogombana na wateja. Msanii anakaa nyuma ya kiti changu, anaegemea, ananong'ona: "Kaka, nitakatishe kidogo." Maana yake, nifanye mweupe. Ni kuburuza kitufe kimoja tu, na ananiona nina roho mbaya nikikataa. Mashine zenyewe zina historia katika hili. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Uso wake ukitoka sawa, basi filamu iko sawa. Weusi wetu ulikuwa unazama kwenye picha kama sufuria gizani, na tukadhani ndivyo tulivyo. Na upande wa pili, Juni 1994 jarida la Time liliweka picha ya polisi ya Mmarekani mweusi O.J. Simpson jaladani ikiwa imekolezwa giza, wiki ileile Newsweek ikiwa na picha hiyohiyo bila kukolezwa. Zilipokaa pamoja mezani kwa muuza magazeti, kila mtu akaona mkono wa fundi.

Nami hufanya hivi. Naacha rangi ya ngozi, natafuta mwanga. Nakivuta kivuli cha chini ya kofia kidogo ili macho yaonekane, narudisha mng'ao wa shavu ulioliwa na jua la saa saba, naondoa chunusi maana kesho haipo, naacha kovu maana kesho lipo. Vumbi la Hanang kwenye viatu siligusi. Kisha namwambia ajitazame. Wengi hukubali. Mmoja alikasirika akaenda kwa jirani; alirudi akiwa na uso wa rangi ya maziwa na shingo yake ya zamani.

Kuhusu maandishi sina mengi. Aina mbili za herufi zinatosha, tatu ni harusi. Bluu inayowaka kwenye skrini itafubaa kwenye wino, kwa hiyo usiipende mapema. Jina la jarida linakaa juu, palepale kila toleo, kwa sababu muuzaji anapanga magazeti yakilaliana na kinachochomoza ni kipande cha juu tu. Kichwa cha msanii kinaweza kulifunika kidogo, kama jarida limeshajulikana. Hiyo ndiyo heshima: jina linajua litasomeka hata likipungukiwa herufi. Letu halikuwa limejulikana kiasi hicho, kwa hiyo sheria yangu ilikuwa ngumu: jina halisogei, halifunikwi.

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili asubuhi, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa kufuata mkondo wa mto Jorodom, vikaingia Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Sitaeleza asubuhi ile. Waliokuwa ndani yake wana haki ya kuieleza kwanza.

Miezi ilipita kabla ya toleo lililofuata. Jaladani ilikuwa ni kwaya, wanawake tisa, wimbo wao ukiwa wa maombolezo. Walipigwa picha wakiwa wamesimama Jorodom, na nyuma yao, juu, mlima ulikuwa na alama. Mstari wa udongo mwekundu ulioshuka kwenye kijani, kama mtu aliyepitisha ukucha.

Kuna zana inaitwa muhuri. Unachukua kijani cha hapa, unapiga pale. Kwa muhuri ningeufuta mstari ule kwa muda wa kunywa chai, na jalada lingekuwa tulivu. Nilifikiria hivyo, siwezi kukana. Nilifikiria pia kinyume chake, kuukoleza wekundu, mtu auone kutoka ng'ambo ya barabara. Mkono ukakaa juu ya kipanya.

Kiongozi wa kwaya alikuja kuona kazi. Nilikuwa sijagusa chochote ila mwanga. Akaketi kwenye stuli, akawahesabu wenzake kwenye skrini kwa kidole, mmoja mmoja, kama mama anayehesabu watoto kwenye daladala. Kisha kidole kikapanda juu.

"Hapa pamefunikwa na nini?"

"Jina la jarida, mama."

Jina lilikuwa limekaa mahali pake, sentimita tatu kutoka ukingo wa juu, na herufi mbili za mwanzo zilikuwa zimeziba pale mstari mwekundu unapoanzia.

"Lisogeze," akasema.

Nilitaka kumweleza kuhusu wauza magazeti. Nikafungua leya ya jina, nikalishusha taratibu, likapita vichwa vya wanawake, likapita mikono yao, mpaka chini kwenye nyasi. Akatazama mlima mzima, toka kilele. Akaniuliza bei ya nakala, akaagiza tisa.