Walezi wa Umani

Aliyewahi kuleta kijibwa katika nyumba yenye mbwa wazee anaijua siku ya kwanza ilivyo. Mkubwa ananguruma akilinda sahani yake, mdogo anajikunja chini ya kiti, na mwenye nyumba, kwa huruma isiyo na akili, anambeba mdogo mikononi huku wakubwa wakitazama. Hapo ndipo anapoharibu. Katika msitu wa Kibwezi kuna watu wanaofanya kazi hiyo hiyo kwa ndovu, na hawathubutu kukosea hivyo, maana ndovu mkubwa akichukia hakuna wa kumshika shingo.

Msitu huo uko Makueni, chini ya vilima vya Chyulu. Mvua inayonyesha vilimani haitiririki juu. Huzama katika mawe ya volkano na kuibuka huku chini, kwenye chemchemi za Umani. Ndiyo sababu unakuta mikuyu na migunga ya manjano imestawi katikati ya nchi ya mibuyu na vichaka vikavu. Shirika la Sheldrick Wildlife Trust lilifungua hapo, mwaka 2014, kituo chake cha tatu cha kuwarudisha porini ndovu yatima, baada ya Voi na Ithumba huko Tsavo. Ndovu wa Tsavo hutembea mbali sana kutafuta maji na malisho. Umani vyote viko karibu, kwa hiyo pakawa makao ya wale walioumia. Murera na Sonje, majike waliookolewa mwaka 2012 wakiwa na miguu iliyoharibika, walikuwa kati ya wa kwanza kuletwa.

Safari ya ndovu mgeni huanzia Nairobi, kwenye makao ya wachanga. Kwa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, lori huegeshwa karibu na yatima na chupa zao za maziwa hupelekwa humo ndani. Wanaingia, wananyonya, wanatoka. Lori linakuwa mahali pa chakula tu. Siku ya kuondoka inapofika, alfajiri kabla hakujapambazuka, ndovu anapanda kama kawaida yake, na mlezi anayemjua anasafiri naye ili sauti iliyozoeleka isikatike njiani. Mwenye pupa angemfunga kamba na kumsukuma. Angefika, ndiyo, lakini angefika na ndovu asiyemwamini mtu.

Kufika Umani nako kuna utaratibu wake. Chupa inamngoja mlangoni. Akishamaliza, ndovu wenyeji wanaruhusiwa kumkaribia, na hapa ndipo napenda kuwatazama walezi kuliko ndovu wenyewe, kwa sababu hawafanyi kitu. Wamesimama na makoti yao ya kijani, mikono chini. Wakubwa wanamzunguka mgeni, wanaingiza ncha za mikonga kinywani mwake, wanamnusa nyuma, wananguruma kwa sauti nzito inayosikika kifuani kabla ya masikio. Mgeni anarudi kinyumenyume. Mtu yeyote mwenye moyo angetaka kuingilia kati. Mlezi anatazama masikio: yakitanuka na kichwa kikiinuka, atamwita mkubwa kwa jina na kumnyooshea kidole. Hana fimbo. Yakipepea taratibu, anaacha mambo yaende.

Kwenye maziwa, lakini, hakuna kuacha mambo yaende. Maziwa ndiyo sahani ya mbwa. Ndovu aliyekwisha kuachishwa chupa hajasahau ladha yake, na akimwona mdogo akinyonya atakuja mbio. Kwa hiyo wadogo huitwa kwa makundi, kwa saa zao, na walezi husimama kati yao na wakubwa mpaka tone la mwisho. Lima Lima, mmoja wa majike wa hapo, amepata sifa ya ulafi. Amepata pia sifa ya kuwaonya walezi wake anapohisi nyati kichakani. Mlezi mzuri anapaswa kuyajua yote mawili kuhusu ndovu huyo huyo.

Somo gumu kuliko yote lilipatikana kwa machungu. Daphne Sheldrick, aliyeanzisha shirika hilo mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe David, alikuwa amefanikiwa kumlea ndovu mchanga aitwaye Aisha kwa maziwa yaliyotiwa mafuta ya nazi. Mwaka 1974 alimwacha kwa muda mfupi ili ahudhurie harusi ya bintiye Nairobi. Aisha alikataa kula, akafa. Tangu hapo mtoto hapewi mtu mmoja. Walezi hupokezana usiku: aliyelala naye jana siye atakayelala naye leo. Sijui kazi nyingine inayomtaka mtu apende kwa moyo wote kisha, kwa ratiba, amwachie mwenzake.

Na mama wa kumlea mgeni mlezi hamchagui. Mwashoti alikuja na mguu uliokatwa vibaya na mtego wa waya. Alamaya fisi walikuwa wamemla mkia. Murera akamchukua Mwashoti, Sonje akamchukua Alamaya. Majike hao wawili wenye kuchechemea hawakutumwa na mtu. Walezi waliliona hilo, wakapunguza mikono yao.

Nisiseme kana kwamba Kibwezi nzima inawapenda ndovu. Mkulima aliyelala akiwa na mahindi na ndengu shambani akaamka na nyayo tu ana maneno mengine, na ana haki nayo. Uzio wa umeme kati ya msitu na mashamba ni sehemu ya malezi haya sawa na chupa ya maziwa. Bila huo, majirani wasingevumilia hata mwaka.

Mwishoni mwa 2023 Murera alizaa mtoto jike porini, akapewa jina Mwana. Mwanzoni mwa 2024 Sonje naye akazaa jike, Sulwe. Watoto hao wawili hawaandaliwi chupa na mlezi yeyote.