Kizimba na Majukwaa: Haki katika Vitabu vya Wakili John Grisham Vikisomwa kutoka Niboye

Neno gacaca linatokana na jina la nyasi. Kabla halijawa jina la mahakama zilizosikiliza karibu kesi milioni mbili za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, hadi zilipofungwa rasmi Juni 2012, lilihusu mahali pa wazi penye nyasi ambapo wazee waliketi kuamua magomvi ya majirani. Kwa msomaji anayeishi Niboye, Wilaya ya Kicukiro, ni vigumu kulisikia neno hilo bila kuukumbuka uwanja mwingine wa nyasi ulio jirani. Hapo Kicukiro ndipo ilipokuwa shule ya ufundi ya Wasalesiani iliyojulikana kama ETO. Tarehe 11 Aprili 1994 askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka shuleni hapo na kuwaacha watu zaidi ya elfu mbili waliokuwa wamekimbilia ulinzi wao. Wengi waliuawa siku hiyohiyo, baadhi shuleni penyewe, wengine baada ya kuswagwa kwa miguu hadi Nyanza. Miaka iliyofuata vijana walicheza kriketi katika uwanja wa shule hiyo, na kwa muda mrefu ndio uliokuwa uwanja mkuu wa mchezo huo nchini, hadi ule wa Gahanga, katika wilaya hiyohiyo, ulipofunguliwa mwaka 2017.

Makala haya yanamsoma John Grisham, wakili wa Mississippi aliyegeuka mtunzi wa riwaya za uhalifu, kutoka mahali hapo. Uteuzi huo unahitaji utetezi mbele ya hadhira ya Kiswahili, maana sisi tuna mapokeo yetu ya riwaya ya upelelezi tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Ila mapokeo hayo hayakulelewa na wanasheria. Muhammed Said Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri. Ben Mtobwa alikuwa mwanahabari. Pengine ndiyo sababu hadithi zetu huelekea kuishia pale siri inapofichuka. Bwana Msa hueleza, wasikilizaji hustaajabu. Willy Gamba wa Elvis Musiba huwamaliza maadui zake kwa bastola. Mahakama haina kazi kubwa ya kufanya. Kwa anayetafuta fasihi inayojua nini hufuata baada ya mhalifu kutajwa, itambidi atoke nje ya mapokeo haya kwa muda.

Hata hivyo, mahakama za Grisham si mahali pake penye nguvu. Katika A Time to Kill (1989), riwaya yake ya kwanza, hakuna fumbo la nani kaua. Baba amewapiga risasi waliombaka binti yake mdogo, na watu wameona. Swali lililobaki ni kama wakili ataweza kuigusa mioyo ya raia 12 wenye kuamua. Anaigusa, na msomaji anafurahi. Lakini hapo haki imegeuka kuwa mechi, na ukweli ni wa yule aliyefunga bao la mwisho. Niboye furaha hiyo haidumu. Hapa msomaji anajua kwamba umati uliojaa uchungu na wakili mwenye ulimi havitoshi kuwa kipimo cha haki, hata kama safari hii vimeelekea upande anaoupenda.

Kwa maoni yangu Grisham anakuwa mwandishi wa haki kweli pale anapotoka mahakamani na kwenda uwanjani. Bleachers (2003) ni kitabu chembamba ambacho wahakiki wengi wamekipita kama burudani ya mashabiki wa futiboli ya Kimarekani. Kocha mzee wa timu ya shule anakufa katika mji mdogo wa Messina. Wachezaji wake wa zamani, sasa watu wazima, wanarudi na kuketi usiku kwenye majukwaa ya uwanja kumsubiri afe. Wanasimulia. Alitukuza mji, pia aliwahi kumkimbiza kijana mmoja mazoezini katika joto kali mpaka akafa. Yupo anayemchukia na yupo anayemlilia, na wakati mwingine ni mtu yuleyule. Siri ya pambano moja la ubingwa, ambayo wachezaji wameitunza kwa miaka mingi, inatolewa pale. Hakuna jaji wala wakili, na ushahidi hautolewi kwa kiapo. Wapo watu wanaofahamiana tangu utotoni, kila mmoja akiwa na kipande chake cha ukweli.

Sitaki kulinganisha ukali wa kocha na mauaji ya kimbari. Kufanya hivyo kungekuwa kukosa adabu. Ninacholinganisha ni umbo la kikao. Gacaca nayo iliketi nyasini, mbele ya majirani, chini ya waamuzi waliochaguliwa na wakazi, inyangamugayo, na watuhumiwa hawakuwakilishwa na mawakili. Jambo hilo la mwisho lililalamikiwa sana na wanasheria wa kimataifa, na malalamiko yao hayakuwa ya kupuuzwa. Lakini Bleachers, iliyoandikwa na wakili, inaonyesha bila kukusudia kitu ambacho kizimba hakiwezi kukitoa: mtu kulazimika kusema mbele ya wale watakaokutana naye kesho sokoni. Udhaifu wa riwaya hiyo uko kwenye mwisho wake. Inaishia kwenye mazishi, na mazishini husemwa mema. Msamaha unafika upesi kuliko maelezo, na kijana aliyekufa anabaki kuwa tukio katika wasifu wa mtu mwingine.

Miaka mitatu baadaye Grisham aliandika The Innocent Man (2006), kitabu chake cha kwanza kisicho cha kubuni, na hapo kasoro hiyo imerekebishwa. Ron Williamson alikuwa nyota wa besiboli wa mji wa Ada, Oklahoma. Mwaka 1971 alichukuliwa na timu ya Oakland, lakini hakufika alikotarajiwa. Akarudi nyumbani na ulevi na maradhi ya akili. Mwaka 1988 alihukumiwa kifo kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Mwaka 1994 alibakiza siku tano anyongwe, kama tusemavyo, ingawa huko hutumia sindano. Mwaka 1999 vipimo vya vinasaba vilimtoa. Grisham haulaumu upande wa mashtaka pekee. Anaonyesha mji uliompandisha kijana kwenye majukwaa, kisha ukaona haya kwa kushindwa kwake, na haya hiyo ikarahisisha kuamini kwamba ndiye muuaji. Baadhi ya waliotajwa kitabuni walimshtaki kwa kashfa. Shauri lilitupwa mwaka 2008 na rufani ikashindwa 2010. Mtunzi alilazimika kujibu kwa aliyoyaandika, jambo ambalo mtunzi wa riwaya hukutana nalo kwa nadra.

Niboye nayo ina maandishi ya aina hiyo. Tarehe 6 Desemba 1999 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilimhukumu Georges Rutaganda, makamu wa pili wa rais wa Interahamwe, kifungo cha maisha, na mashambulizi ya ETO na mauaji ya Nyanza yamo katika hukumu hiyo. Mahakama hiyo iliketi Arusha, mji ambao mpishi, dereva na mlinzi wa mlangoni wote wanazungumza Kiswahili, lakini lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Rwanda yenyewe ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Mwanafunzi wa sekondari hapa anaweza kupewa riwaya ya Willy Gamba kama somo la fasihi ya uhalifu, huku simulizi ya kisheria ya uwanja anaoupita kila asubuhi ikiwa haimo katika lugha anayofundishwa kuiita ya jumuiya yake.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa washauri wa sera waliomo ukumbini ni dogo. Kabla ya kuagiza tafsiri nyingine za riwaya za kusisimua, zitafsiriwe kwa Kiswahili fasaha sehemu za hukumu ya Rutaganda zinazohusu ETO na Nyanza, pamoja na maelezo mafupi ya istilahi, kwa matumizi ya kidato cha juu na vitivo vya sheria. Nyaraka zenyewe zimehifadhiwa Lakilaki, Arusha. Wafasiri tunao, na wengine wamekaa safu ya pili.