Kutegemeana si Utegemezi: Uhakiki wa Istilahi za Uhusiano wa Kimataifa

Istilahi za siasa zina hatari ambayo istilahi za ufundi hazina. Ukikosea jina la parafujo, fundi ataletewa kifaa kisichofaa na kosa litaonekana siku hiyo hiyo. Ukikosea jina la uhusiano baina ya nchi na nchi, kosa halionekani. Huingia katika vitabu vya shule na mihtasari ya vikao, likakaa humo na kufikiri kwa niaba yetu.

Tuanze na kitenzi tegemea. Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba biashara huzifanya nchi zihitajiane, hata kila moja ikaona hasara ya ugomvi. Nadharia yao twaifasiri kwa neno kutegemeana. Wapo wengine, kama Raúl Prebisch wa Argentina na Walter Rodney aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walioonyesha kwamba nchi zinazouza malighafi hufungwa kwa nchi zenye viwanda katika uhusiano usio sawa. Yao ni nadharia ya utegemezi. Tofauti kubwa ya nadharia hizi mbili imebebwa na kiambishi kidogo, -an-, chenye maana ya kutendana. Mfasiri anayekiweka mahali pasipostahili amegeuza hoja nzima bila kugusa neno jingine.

Tuchukue mfano wa Nyamwaga, wilayani Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Kwa makubaliano ya mwaka 2019, mgodi huo ni wa kampuni ya Barrick kwa asilimia 84 na wa Serikali kwa asilimia 16, chini ya usimamizi wa kampuni ya Twiga, na manufaa ya kiuchumi yakusudiwa kugawanywa nusu kwa nusu. Uhusiano huu huitwa ubia. Kisheria neno hilo halina kosa, kwani mbia aweza kuwa na hisa chache. Lakini mwanafunzi akimwuliza mwalimu wake kwa nini dhahabu ichimbwe hapa na bei yake ipangwe katika masoko ya mbali kama London, neno ubia halitoshi kumjibu. Lataja mkataba, halitaji nguvu.

Pili ni neno maendeleo. Tunaposema "nchi zinazoendelea" tumekwisha kubali kwamba nchi zote zimo katika njia moja, na zilizo nyuma zimechelewa tu. Hoja ya Rodney katika kitabu chake cha mwaka 1972 ilikuwa kinyume cha hayo: unyonge wa Afrika ulisababishwa. Kuifasiri hoja hiyo kwa "kutoendelea" ni kumfuta mtendaji. Kiswahili kina njia bora zaidi. Twasema mtoto amedumaa, na twaweza kusema amedumazwa. Papo hapo msikilizaji atauliza, na nani? Swali hilo ndilo nadharia yenyewe.

Tatu ni utambulisho wa dola. Wakurya wa Tarime na wale wa Migori, Kenya, wana lugha moja na koo zinazovuka mpaka. Waliotenganishwa ni kwa mstari uliochorwa na Uingereza na Ujerumani katika mapatano ya mwaka 1886. Basi dola, taifa, nchi na kabila si majina ya kitu kimoja, wala hayafai kubadilishana nafasi kwa ajili ya kupamba sentensi. Zaidi ya hayo, neno dola lina mapacha wake: "nguvu ya dola" Nyamwaga yaweza kuwa askari, na yaweza kuwa fedha ya Marekani.

Wapo pia wanadharia wasemao kwamba dola hujitambua kwa maneno inayojisemea na inayowasemea wengine. Sisi tuna ushahidi nyumbani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mwenye mtaji kutoka nje aliitwa bepari au beberu. Katika miaka ya 1990 akawa mwekezaji. Mwaka 2017, wakati wa mzozo wa makinikia, beberu akarudi majukwaani. Kila jina lilikuja na sera yake.

Kwa hiyo yapendekezwa: kutegemeana na utegemezi zitenganishwe daima, udumazaji utumike panapotajwa kitendo, na udumavu panapotajwa hali, dola ibaki kuwa mamlaka, na fedha iandikwe "dola ya Marekani" kwa ukamilifu. Mfasiri hana wajibu wa kuamua nadharia ipi ni ya kweli. Wajibu wake ni kuhakikisha kwamba mwananchi wa Nyamwaga, akisoma mkataba au kitabu cha shule, aijue hoja aliyopewa, ili aikubali au aikatae kwa akili yake mwenyewe.