Paa na Paa

Vyuo vikuu vinavyofundisha isimu kwa intaneti hupenda kusema kwamba milango yao i wazi kwa kila mtu. Sibishani na nia yao. Shaka yangu iko kwenye masomo yenyewe.

Mhadhiri wa fonetiki, tuseme, anaeleza mpumuo ni nini. Anachukua mfano wa Kimvita: paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo, na paa yule mnyama hutamkwa kwa pumzi inayosukumwa nje. Anayatamka yote mawili mara tatu nne, na wanaosikia wameelewa. Mwanafunzi kiziwi anasoma maandishi yanayopita chini ya picha: "paa", kisha "paa". Mashine haikukosea hata herufi moja, na somo zima limepotea.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoliachia jambo hili kwa mafundi wa mitambo. Mwaka 2015 Chama cha Taifa cha Viziwi cha Marekani kiliwashtaki Harvard na MIT kwa sababu mihadhara yao mingi ya intaneti haikuwa na maandishi, au ilikuwa na maandishi mabovu. Mashauri hayo yalimalizika kwa mapatano, la Harvard mwaka 2019 na la MIT mwaka 2020. Ilikuwa haki yao. (Berkeley, ilipoambiwa na Wizara ya Sheria kwamba mihadhara yake haiwafai walemavu, iliamua mwaka 2017 kuwafungia watu wote wa nje mihadhara zaidi ya 20,000. Usawa wa namna yake!) Lakini katika isimu maandishi ya kawaida hayatoshi. Lazima mtu anayejua somo aiwekee "p" ya yule mnyama alama ya h ndogo.

Kwa wasioona, kikwazo ni picha. Alama za kifonetiki zina nukta nundu zake tangu mwaka 1934, zilipotolewa London na Merrick na Potthoff. Na katika miaka ya 2000 Robert Englebretson wa Chuo Kikuu cha Rice, mwanaisimu ambaye mwenyewe haoni, alizifanyia marekebisho. Kwa hiyo asije mwalimu akatuambia kwamba haiwezekani. Ila alama hizo zikibandikwa kama picha, kompyuta ya mwanafunzi hutamka "picha" na kunyamaza.

Kubwa zaidi ni mchoro matawi. Chukua "mtoto wa mwalimu mpole". Mpole ni nani, mtoto au mwalimu? Michoro miwili hutoa majibu mawili. Ukiandika chini yake "mchoro wa kirai", hujasema kitu. Ukitumia mabano, msikilizaji hupotea kwenye bano la tatu. Inafaa kusema wazi: katika mchoro wa kwanza "mpole" anafungamana na "mwalimu" kwanza, ndipo wote wawili wanaingia chini ya "wa", katika wa pili, "mtoto wa mwalimu" ni kundi lililokwisha kukamilika kabla ya "mpole" kufika. Maelezo hayo hawezi kuyaandika karani. Ni ufundishaji wenyewe, na nashuku hata wanaoona wangeyahitaji.

Kisha unakuja mtihani, na swali linasema: chora. Mwanafunzi asiyeona aruhusiwe kueleza muundo kwa maneno kama hayo, na asahihishwe kwa alama zile zile wanazopewa wenzake.