Madoa ya Michilimackinac

Mwiko wanaoutumia ni ule ule wa mwashi, ila mdogo, na kingo zake hupigwa tupa hadi zikate. Kazi yake si kuchimba bali kuparua. Mtu anapiga magoti, anauvuta mwiko kuelekea kwake, udongo unatoka utando kwa utando, unakingwa kwa kizoleo na kutiwa ndooni. Kisha anarudia. Kila kiangazi tangu 1959 kuna watu waliopiga magoti namna hiyo ndani ya ngome ya Michilimackinac, kaskazini mwa jimbo la Michigan, Marekani, na wageni husimama nyuma ya uzio mfupi wa mbao kuwatazama. Wengi hawakawii kuondoka. Nawaelewa, maana kwa nusu saa unaweza usione chochote isipokuwa kisogo cha mtu na ndoo inayojaa polepole. Lakini kwa macho yangu hakuna kitu katika ngome ile kinachostahili kutazamwa zaidi ya hicho.

Ngome iko ufukweni, pale Ziwa Michigan linapokutana na Ziwa Huron kwenye mlango mwembamba wa maji. Wafaransa waliijenga mwaka 1715, kwa sababu mitumbwi mingi ya biashara ya ngozi, hasa za biva, ilipita hapo kutoka bara kwenda Montreal. Waingereza waliichukua mwaka 1761. Mzoea Fort Jesus ya Mombasa asitarajie kuta za mawe. Hii ilikuwa boma la magogo ya mwerezi yaliyosimikwa wima, bega kwa bega. Mfanyabiashara Alexander Henry, aliyefika mwaka ule ule wa 1761, ameeleza kwamba eneo lake lilikuwa kama ekari 2, lenye nyumba zipatazo 30, na kwamba upepo wa magharibi ukivuma mawimbi yalipiga miguu ya uzio. Wanajeshi walikuwamo, lakini mahali penyewe palikuwa kijiji: wachuuzi, wake zao, watoto, padri na kanisa lake la Mtakatifu Anna, na watumwa pia. Mahindi na samaki walivipata kwa Waodawa na Waojibwe, wenyeji wa pwani hizo, na bila wao kambi isingemaliza majira ya baridi.

Kisa kinachosimuliwa sana ni cha tarehe 2 Juni 1763. Waojibwe walikuwa wakicheza mchezo wao wa mpira wa vijiti na Wasauk nje ya lango, maofisa wa Kiingereza wakitazama bila silaha. Mpira ukarushwa kuelekea ngomeni, wachezaji wakaukimbilia, na langoni walikuwapo wanawake wamejitanda mablanketi, silaha zimefichwa ndani. Muda mfupi baadaye ngome haikuwa tena ya Waingereza, na hawakurudi hadi mwaka uliofuata. Henry alinusurika kwa kuwa mwanamke mtumwa katika nyumba ya jirani yake, Charles Langlade, alimwonyesha dari ya kujifichia, akalala kati ya vyombo vya magome vilivyotumika kutengenezea sukari ya miti. Kitabu cha Henry, kilichotoka mwaka 1809, kinatuambia habari za vyombo vile, lakini jina la mwanamke hakikulitaja.

Kilichoiweka ngome hii mikononi mwa watu wa mwiko, hata hivyo, si vita bali uhamisho. Mwaka 1779 alifika kamanda Patrick Sinclair, akaitazama na kuona kwamba uzio wa magogo juu ya mchanga ungewazuia waasi wa Kimarekani kwa muda mfupi sana. Akaamua kuhamia kisiwa cha Mackinac, chenye miamba mirefu. Nyumba zikavunjwa, na kilichofaa kikachukuliwa. Kanisa lilibomolewa na kuburutwa juu ya barafu ya ziwa wakati wa baridi. Kufikia 1781 kazi ilikuwa imekwisha, masalio yakachomwa moto, na mchanga unaopeperushwa kutoka ufukweni ukafanya yaliyobaki. Mji ulipopimwa jirani mwaka 1857 eneo hilo liliachwa kuwa bustani, na mwaka 1909 likawa hifadhi ya jimbo. Kwa hiyo hakuna aliyechimba msingi wa hoteli juu yake. Mahali palipohamwa kwa miaka michache na kisha kuachwa ni bahati ambayo wataalamu wa fani hii huiombea.

Sasa turudi kwenye mwiko. Watu hudhani mwanaakiolojia anatafuta vitu. Anavitafuta, ndiyo, lakini kinachomfanya anyamaze na kuinamisha kichwa ni doa. Nguzo ikisimikwa ardhini, kwanza linachimbwa shimo, nguzo inatiwa, na udongo unarudishwa pembeni. Udongo uliorudishwa haufanani tena na ule usioguswa, umechanganyika. Nguzo ikiozea pale pale, mbao zinageuka kuwa udongo mweusi laini, na ukiparua usawa mmoja utaona duara jeusi ndani ya duara la rangi nyingine. Ikiwa nguzo iling'olewa, tundu hujazwa na kitu kingine: mchanga, kifusi, taka za siku ile. Kwa hiyo doa moja linaweza kukuambia ukubwa wa nguzo, kwamba ilisimama, na kwamba iliondoka kwa kuoza au kwa mkono wa mtu. Nyumba za Michilimackinac zilijengwa kwa kusimika magogo ndani ya handaki jembamba na kuziba nyufa kwa udongo, jambo ambalo aliyewahi kukandika nyumba ya miti hahitaji kuelezwa. Ukuta mzima, basi, huonekana kama mstari mweusi mchangani.

Wasomaji wa pwani wana mfano wao. Kule Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe, akakuta mashimo ya nguzo za misikiti ya miti iliyoutangulia, mmoja juu ya mwingine. Hakuna boriti iliyosalia. Sehemu kubwa ya hoja yake kuhusu Uislamu wa awali wa upwa huo ilisimama juu ya tofauti ya rangi ya udongo.

Ugumu ni kwamba doa haliwezi kuguswa mara mbili. Ukiparua zaidi ya inavyostahili, umelifuta, na hakuna wa kukurudishia. Ndiyo maana kabla ya kuendelea mtu husimama, hunyunyiza maji kidogo ili rangi zijitokeze, hupima kutoka kona za mraba, huchora kwa penseli, hupiga picha. Eneo limegawanywa kwa kamba kuwa miraba, na kila kitu kinachotoka hupewa mraba wake na kina chake. Kigae kisichojulikana kilikotoka ni pambo la rafuni tu.

Tabaka nazo zina mpangilio wake. Juu kuna udongo wa karne ya 20. Chini yake kuna kifusi cha 1781: mawe ya mekoni, chokaa, vipande vya udongo wa kukandika vilivyoungua. Kifusi hiki ni muhuri. Chochote kilicho chini yake, pasipovurugwa na panya au shimo la baadaye, kiliwekwa kabla Waingereza hawajaondoka. Ukiendelea kushuka unapita maisha ya Waingereza, kisha ya Wafaransa, hadi mchanga mtupu wa ufukwe. Kwenye karatasi mambo yamenyooka. Ardhini, mtu wa 1750 alichimba pishi la kuhifadhia mboga akakata tabaka tatu, udongo alioutoa akautupa mlangoni, na sasa cha chini kiko juu. Mwenye mwiko lazima alione lile pishi kabla hajalichimba, kwa mpaka wa rangi tu, wakati mwingine kwa jinsi udongo unavyosikika mkononi: hapa umeshikana, hapa umelegea.

Kilicho ndooni hakitupwi. Hupelekwa kwenye wavu na kuoshwa kwa mpira wa maji, na matundu ya wavu ni madogo kiasi cha kuizuia hata shanga ndogo. Hapo ndipo mabaki ya maisha yanapotokea: mifupa na magamba ya samaki, marisau, pini, vioo vya madirisha, mawe ya gumegume ya bunduki, lakiri za risasi zilizofungia marobota ya nguo kutoka Ulaya, pete za shaba zilizogawiwa katika biashara na misheni, vigae vya kauri ya China iliyosafiri nusu ya dunia ili ivunjike hapa. Vitu vilivyokwisha kutolewa vimepita milioni moja. Vingi havifiki ukubwa wa ukucha.

Vitu hivi vinasaidiaje kujua miaka? Mwishoni mwa miaka ya 1760 wanajeshi wa Uingereza walianza kuvaa vifungo vyenye namba ya kikosi. Kifungo chenye namba 8 kinatoka kwa kikosi cha Mfalme, kilichokuwa hapa katika miaka ya 1770. Basi udongo uliokifunika haungeweza kumwagwa kabla ya hapo. Kifungo kimoja kinaweza kusogeza umri wa shimo zima mbele, lakini hakiwezi kuurudisha nyuma, kwa kuwa mtu anaweza kupoteza kifungo kikuukuu hata kesho. Mwanafunzi akilielewa hili, amepata nusu ya fani.

Mfano niupendao ni wa viko. Viko vya udongo mweupe vilikuwa rahisi, vilivunjika ovyo, na vipande vya mirija yake vimetapakaa kila ngome ya wakati huo. Mwaka 1954 mwanaakiolojia J. C. Harrington alieleza kwamba tundu la mrija lilizidi kuwa jembamba kadiri miaka ilivyopita, kwani mirija ilirefushwa. Alilipima kwa vifaa vya fundi seremala: ncha za keekee, zinazopishana kwa sehemu moja ya 64 ya inchi. Viko vya Kiingereza vya mwanzoni mwa karne ya 17 vilikuwa na tundu la sehemu 9 hivi. Vya nusu ya pili ya karne ya 18, sehemu 4. Kipande kimoja hakithibitishi kitu, sharti uwe navyo vingi uvipime kimoja kimoja na kuhesabu. Ni kazi ya kuchosha kabisa, na uzuri wake ni kwamba anayeifanya hahitaji chombo ghali, anahitaji kutodanganya.

Kuna ramani pia. Michel Chartier de Lotbinière aliichora ngome mwaka 1749, na Luteni Perkins Magra mwaka 1766. Ya Magra imehifadhiwa kwenye maktaba ya Clements, Ann Arbor. Ramani inamwambia mchimbaji atarajie nyumba wapi, lakini ukutani mwa shimo udongo ndio wenye neno la mwisho. Mwanajeshi huchora alichoamriwa kuchora. Jalala halikuamriwa na mtu.

Nisiwasifu wote walioishughulikia ngome hii kwa mkupuo. Katika miaka ya 1930 uzio ulijengwa upya kabla ya uchimbaji wa maana, mambo ya kuweka paa kwanza na kutafuta msingi baadaye. Mwaka 1959, daraja kubwa la Mackinac lenye urefu wa kilomita 8 hivi likiwa limefunguliwa miaka miwili tu nyuma na wageni wakimiminika, tume ya hifadhi ilikopa fedha, ikachimba na kujenga, ikitegemea kulipa kwa viingilio. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walifanya kazi kwa kasi iliyolingana na deni. Walifungua maeneo makubwa, na ripoti ya Lyle Stone ya 1974 juu ya misimu ya 1959 hadi 1966 bado inategemewa. Majengo yanayosimama leo, likiwamo kanisa la Mtakatifu Anna, yamepandishwa juu ya mistari iliyoonekana mchangani. Lakini sehemu ya chini ya jengo ndiyo yenye ushahidi. Mwinuko wa paa na upana wa dirisha vimetoka kwenye michoro, kumbukumbu na mifano ya majengo mengine, na mgeni haambiwi ni wapi ushahidi unaishia na ukisiaji unaanzia. Ningependa wangetia alama.

Kasi ya leo ni nyingine kabisa. Nyumba moja katika safu ya kusini mashariki ilianza kufunguliwa mwaka 2007, na kiangazi baada ya kiangazi kikosi kidogo kimeendelea humo humo, mraba kwa mraba, pishi kwa pishi. Wapo wanaouliza kwa nini wasilete watu mia wakamaliza. Wangemaliza, naam, na shanga zingepotea pamoja na magamba ya samaki, kama zilivyopotea kwenye machimbo mengi ya zamani ambako udongo ulichekechwa mkavu kwa wavu mpana.

Na kiangazi kikiisha kazi haijafika hata nusu. Majira ya baridi ni ya maabara: kuosha kwa mswaki, kukausha, kupanga kwa aina, kupima, kisha kuandika namba ya mraba na tabaka, kwa wino, kwenye kila kigae kinachoweza kubeba wino. Namba zenyewe huandikwa kwa herufi ndogo mno, upande usio na nakshi, chini ya utando mwembamba wa gundi ili zisifutike. Kwa namba hizo vigae viwili vilivyotoka mashimo tofauti, miaka tofauti, vinaweza kukutanishwa mezani vikaonekana ni vya sahani moja, na aliyechora pishi lile akalazimika kurudi kwenye mchoro wake kuuliza udongo wa mlango huu na wa shimo lile ulimwagwa siku moja au la.