Kalamu Mkononi mwa Shahidi: Uhakiki wa Mbinu ya Mchoro katika Mahojiano ya Upelelezi, kwa Kurejelea Mji wa Tunduma

Mchoro si kitu kigeni katika jalada la upelelezi nchini Tanzania, ila ramani ya eneo la tukio huchorwa na mpelelezi. Mbinu inayohakikiwa hapa humkabidhi shahidi kalamu kabla ya maswali ya kina, achore alichokiona huku akisimulia. Coral Dando na wenzake waliijaribu nchini Uingereza na kuchapisha matokeo mwaka 2009: waliochora walikumbuka sawa na walioongozwa na mhoji kurejesha mazingira ya tukio akilini, na walibuni mambo machache zaidi. Sababu yake inaeleweka: mchoraji hujipa vidokezo mwenyewe, hasubiri vya mhoji.

Tunduma inaonesha uzito wa jambo hili. Katika mji huo wa mpakani mwa Zambia, malori hupanga foleni kandokando ya barabara kuu. Tuchukulie shahidi wa wizi wa usiku anayeeleza kwamba alikuwa "karibu" na kwamba mwanga "ulitosha". Tangu shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri (1980), Mahakama ya Rufani hutaka utambuzi wa kuona upimwe kwa umbali, mwanga, muda wa kumwangalia mtuhumiwa na iwapo shahidi alimfahamu kabla. Neno "karibu" halipimiki. Karatasi yaweza kufichua malori mawili yaliyosimama kati ya shahidi na mwizi, na taa iliyokuwa nyuma yao.

Hata hivyo, dai hili lisivutwe kupita kiasi. Majaribio ya aina hii kwa kawaida hutumia watu waliotazama filamu fupi wakiwa salama, si waliokimbia gizani. Isitoshe, mchoro huo ni wa mahali na mwenendo wa tukio, si wa sura ya mtu. Kwa shahidi anayefikiri kwa Kinyamwanga na kuandikiwa maelezo kwa Kiswahili, mstari waweza kuziba pengo la neno, lakini ufafanuzi wake bado hupitia kwa mwandishi yuleyule.

Udhaifu mkubwa uko kwenye hatima ya karatasi yenyewe. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinahusu maelezo yanayoandikwa na askari. Mchoro ukitupwa, utetezi unanyimwa silaha. Ukitunzwa, shahidi huenda akashambuliwa kwa uzembe wa mkono badala ya udhaifu wa kumbukumbu. Palipo na hatari hizo mbili, ya pili inavumilika zaidi: mchoro utiwe saini na tarehe, usirekebishwe, na ramani ya mpelelezi ichorwe baadaye kwenye karatasi nyingine.