Kadi za Valentino za Bibi Howland

Tumezitazama kadi za kale za mapenzi, zile za Bibi Esther Howland wa Worcester, katika Marekani, nasi twataka kusema kwa nini zatupendeza na wapi zatukwaza.

Bibi huyo alimaliza masomo ya Mount Holyoke mwaka 1847. Baadaye alipata kadi ya Valentino iliyotoka Uingereza, akajiona aweza kutengeneza nzuri kuishinda. Baba yake, mwuza karatasi, akamwagizia vifaa toka ng'ambo. Kaka yake akachukua mifano safarini. Bibi alitumaini maagizo ya dola 200; kaka akarudi na ya dola 5,000! Ndipo akawaita wasichana rafiki zake, wakaketi mezani: huyu anakata picha, huyu anazipanga, huyu anabandika.

Itazame kadi yenyewe. Chini pana kipande cha karatasi ya rangi inayong'aa. Juu yake karatasi nyeupe iliyotobolewa kama lesi, na rangi yachungulia matunduni. Vikunjo vidogo vya karatasi huinua lesi hiyo, hata jicho laingia ndani kama dirishani. Usoni pana maua au njiwa tu. Maneno yamefichwa ndani. Mwenye kuyataka sharti afungue polepole, asije akararua. Hapo ndipo penye ufundi wote. (Aliye na picha ya kale ya mtakatifu yenye kingo za lesi, katika kitabu chake cha sala, ataujua ukoo huo: masista wa Ulaya walikuwa wakizikata picha kama hizo kwa kisu kidogo zamani kabla ya Bibi Howland.)

Lakini mashairi! Mwaka 1879 kampuni yake ilitoa kitabu cha mashairi, ili mnunuzi asiyependa maneno ya kadi achague mengine, yabandikwe juu yake. Wengine watasema si kila mtu ana kipawa cha kutunga. Ni kweli, hata hivyo hatukubali. Wasichana wale wametoa jasho kwa kila tundu na kila ua, na mpenzi mwenyewe, ambaye moyo ni wake, anaazima maneno kitabuni kama mtu aazimaye koti la arusi. Mstari mmoja aliouandika kwa mkono wake, hata ukienda upande, tungeusoma kwanza, kisha ndipo tuitazame lesi.